Mkeka Wangu, Kidole cha Mama Mkwe

Nichekeni tu jamani, hata mimi najicheka. Mkeka wangu wa kubeti mpira ulitiki wote, kila mechi nilipatia, lakini kampuni ya kamari ikagoma kunilipa. Nikaenda ofisini kwao hapa Uyole nimevimba kama andazi.

"Sheria ya michezo ya kubahatisha iko wazi!" niliunguruma. Sheria yenyewe sijawahi kuisoma. Wauza viazi wenzangu wakajaa mlangoni, wakanipigia makofi. Nikanogewa, nikapanda juu ya benchi.

Dada wa kaunta alisubiri nimalize. "Kaka, hela ipo. Ila laini unayobetia imesajiliwa kwa jina la mama Tulinagwe."

Ndiye mama mkwe wangu! Kitambulisho changu kilipochelewa kutoka, yeye alinisajilia laini kwa alama ya kidole chake, niwapigie wateja wa viazi. Mama mkwe huyo ni mzee wa kanisa, na kila Jumapili anawaombea wacheza kamari!

"Namfahamu," dada akaendelea. "Nimeshampigia aje na kitambulisho."

Makofi yakakoma. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mimi bado niko juu ya benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Shuka. Hela nitaipokea mimi, na Jumapili utasimama mbele ya usharika ueleze sadaka hii imetoka wapi."