Gari la Kizuka

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ya miaka ile ya tisini, magari ya Japani yalipoanza kumiminika bandarini na sisi vijana tukaumwa na tamaa. Nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo. Karatasi za magari ya watu zilipita mikononi mwangu kutwa nzima, kisha jioni nikarudi mtaani kwetu Buxton kwa miguu, kwa Shangazi Mwanasiti aliyenilea.

Nikasikia kuna gari linauzwa Mji wa Kale. Jeep dogo la kifahari, limetumika kidogo tu: viti vya ngozi, kiyoyozi, rangi ya kijani iliyokoza hadi kukaribia weusi. Nikamchukua Shangazi, tukaenda.

Muuzaji, Bwana Faraj, alikuwa amelisimamisha mbele ya nyumba, analifuta vumbi.

"Bibie, hili si la kwendea Biashara Street kununua leso," akanitania. "Hili unaingia Nairobi na nywele hazijatimka."

"Nywele zake zimo ndani ya buibui," Shangazi akamjibu. "Tuambie habari za gari, bwana."

Niliketi nyuma ya usukani. Mlango ulifungika kwa sauti nzito, laini, na makelele yote ya mtaa yakabaki nje. Ndani mlinukia udi. Moyoni nilikwisha kulinunua.

"Lilikuwa la nani?" Shangazi akauliza.

"La ndugu yangu, Mungu amrehemu. Huu mwezi wa pili."

"Na mkewe?"

"Yuko juu, kizuka, amekaa eda."

"Basi tutapanda tumpe pole. Haiwi tufike mlangoni kwake tuondoke kimya."

Faraj akaacha kufuta. "Amelala."

"Tutamwamsha," Shangazi akasema, na mguu wake ulikwisha kukanyaga ngazi.

Hakuwa amelala. Bi Rukia alikuwa amekaa mkekani, amevaa nyeupe, eda yake bado ndefu mbele yake. Alitukaribisha kana kwamba sisi ndio tuliofiwa.

"Mmekuja kwa miguu na jua hili? Poleni. Mimi nikitoka eda, inshallah, nitajifunza kuendesha. Mwanangu mdogo ana kifua. Akibanwa, baba yake alikuwa akimkimbiza hospitali kwa lile gari." Akatabasamu kidogo. "Faraj ananitunzia. Kila siku namsikia akiliwasha, betri isife. Mungu amlipe."

Mwanangu, niliutazama mkeka. Nikajiambia nisiponunua mimi atanunua mwingine, na angalau mimi nitalitunza. Tazama jinsi tamaa inavyojua kusema kwa adabu.

"Zaina," Shangazi akaniita. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie unafanya nini nyumbani kwake."

Nikamwambia. Bi Rukia aliinuka, akaenda dirishani, akaweka mkono kwenye ubao wa dirisha. Kisha akaurudisha, maana chini kulikuwa na wanaume, na kizuka haonekani nao. Akasimama nyuma ya ubao uliofungwa, akapaza sauti.

"Faraj! Gari la watoto unaliuza?"

Fundi cherehani wa nyumba ya pili akasimamisha mashine.

"Shemeji," jibu likapanda, "wewe kaa eda yako. Mambo ya nje tuachie sisi."

Cherehani ikaanza tena.

Tulishuka, nikamwambia Faraj sitaki. "Wanaotaka ni wengi," akasema, na ilikuwa kweli. Shangazi alivuka kwenda Likoni jioni ileile kuwaita kaka zake Bi Rukia. Walipofika kesho yake, gari lilikwisha kuuzwa, limekwenda bara. Kesi ilipelekwa kwa kadhi, na kadhi akampa haki yake. Lakini haki ya kitu kilichokwisha kuliwa huandikwa tu, hailipwi.

Eda ilipoisha nilimwona barabarani, amembeba mwanawe mgongoni, mtoto mkubwa wa kutembea, kichwa kimemlalia begani. Alikuwa akipungia teksi, nazo zinapita. Alinisalimia vizuri, hakunilaumu kwa lolote. Nikamsaidia kupunga.

Mwanangu, utanunua gari, na vizuri. Mpelekee fundi alisikilize, utazame chini kama pana kutu, usome karatasi zake neno kwa neno. Lakini kabla ya yote hayo, uliza liliwabeba kina nani, na wako wapi leo. Kama ni la marehemu, mtafute mjane, watafute mayatima, usikie ridhaa vinywani mwao wenyewe. Mirathi isiyogawanywa usiiguse, hata ukiuziwa kwa bei ya bure. Na ukijua jambo, usingoje shangazi akuite jina.

Mungu akupe chombo utakachokipanda bila mtu kulia nyuma yako. Akufikishe salama, na akufanye wewe ndiye unayesimama watu wanapopunga. Amin.