Mama Sherifu na Mtu wa Kamba

Wasomaji wake walimwita Mama Sherifu, ingawa maishani mwake hakuwahi kupanda farasi wala kugusa bastola, na mbwa wa jirani akibweka yeye alibadili njia. Alikuwa na duka la kutoa nakala, chumba chembamba chenye mashine inayokohoa kama mgonjwa wa pumu, na kati ya mteja na mteja aliandika riwaya za makauboi. Sherifu wake alikuwa mrefu, mpole, mwenye farasi aliyekatika sikio, na kila kitabu kilipoisha majambazi walikuwa mavumbini na Sherifu juu ya farasi. Watu walivipendea hilo hasa. Ulijua tangu ukurasa wa kwanza kwamba utalala usingizi wako vizuri.

Msomaji wa kwanza alikuwa mumewe, Baba Pacha. Alistaafu utunzaji wa stoo katika kiwanda cha rangi. Zamani za ujana wake aliendesha lori la kusafirisha ng'ombe, halafu siku moja akarudisha funguo kwa tajiri na hakushika usukani tena. Ukimuuliza sababu, anasema mgongo. Mgongo huohuo ulibeba madebe ya rangi miaka nenda miaka rudi, lakini mkewe hakumbana.

Kuna jambo moja mkewe alilijua. Baba Pacha aliongea usingizini, na maneno yalikuwa yaleyale tangu watoto wao pacha hawajazaliwa. "Sishiki. Mwambie aondoke, mimi sishiki." Asubuhi anaamka, anakunywa chai yake, hana habari. Maneno hayo yalimkaa mkewe kichwani mpaka mwisho akayaandika. Akampeleka Sherifu kwenye mji wa nyasi kavu, ambako mtu asiyejulikana anatokea na kamba mkononi. Kamba inaburuta nyuma yake na kupotelea nyasini, na yeye anaomba kitu kimoja tu: nishikie kidogo.

Baba Pacha alianza kuisoma kama kawaida yake, kakaa kitini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Alipofika ukurasa ule akaziweka karatasi mezani na kufuta viganja kwenye suruali.

"Hii usiitangaze," alisema.

"Kwa nini? Imekuchosha?"

"Basi tu, Mama Pacha. Usiitangaze."

"Matangazo yameshabandikwa. Na mwenye duka la vitabu ameshakodi viti."

Maji yalipoa, miguu yake bado imo ndani.

Siku ya kukitangaza kitabu, kabla hakijachapishwa, ilikuwa Jumamosi, saa za alasiri. Mwenye duka la vitabu alikuwa amesogeza makabati ukutani na kupanga viti vya plastiki hadi barazani, na mtangazaji wa redio ya mji alikaa mbele na kinasa sauti chake. Walikuja walimu, mafundi, kina mama wa sokoni, na kinyozi wa mtaa wa pili ambaye hakukosa kitabu hata kimoja. Mama Sherifu alivaa gauni lake la bluu. Akashika kipaza sauti, akaanza kwa utani kama walivyomzoea.

"Wapenzi wangu, nimekuja na Sherifu. Ila safari hii hacheki."

Wakacheka wao.

"Ni riwaya ya kutisha," akaendelea. "Makauboi wapo, farasi wapo, bastola zipo. Lakini kinachokuja mjini hakipigwi risasi."

Kinyozi akanyoosha mkono. "Mama, mimi nauliza moja tu. Farasi anakufa?"

"Farasi haguswi, baba."

"Basi niandikie nakala mbili."

Akawasomea. Aliposoma jinsi wanyama wote wa mji ule walivyonyamaza kwa pamoja, na mtu wa kamba akaja taratibu katikati ya barabara, viti viliacha kulia. Feni ya darini ilisikika. Mama mmoja wa sokoni alimvuta mwanawe mapajani. Mwandishi akainua macho afurahie kimya chake, ndipo akamwona Baba Pacha amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa malapa ya bafuni.

"Haikuwa hivyo," alisema Baba Pacha.

Vichwa vyote vikageuka.

"Haikuwa mjini. Ilikuwa njiani, jua la mchana. Lori lilituharibikia, mimi niko chini ya boneti na utingo wangu kakaa kwenye kivuli cha tairi. Tulimwita Kijiti, alikuwa mwembamba hivi. Ng'ombe walikuwa wanalia kwa kiu, mara wakanyamaza. Wote. Kisha wakasogea upande mmoja, wakabanana mpaka lori likainama. Natoa kichwa, namwona mtu. Nguo safi, viatu safi, na ile njia ilikuwa vumbi tupu. Ana kamba mkononi, inatokea nyasini. Akaniambia mimi kwanza, nishikie, nataka kunywa maji. Nikamwambia sishiki. Sijui kwa nini, mwili ulikataa tu. Kijiti akasema lete bwana, maji hanyimwi mtu. Akaipokea."

Akatafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Kamba ikakaza. Kijiti akacheka, akasema huyu ng'ombe ana nguvu. Namwambia achia. Anasema ngoja nimwone kwanza. Akaingia nyasini huku anavutwa, anacheka. Yule mtu alikunywa kwenye dumu letu, akafuta mdomo, akashukuru, akaenda zake. Kijiti nilimwita mpaka sauti ikakatika. Polisi walikuta kandambili zake zimepangwa pamoja, kama kazivua mlangoni kwa watu. Wakaandika kwamba katoroka kazi."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, na wote wakamfuata. Walisimama kabisa. Mwenye duka alikuwa anapiga meza kwa furaha. "Mama Sherifu umetuweza," akasema, "kumbe umeleta na mwigizaji."

Baba Pacha alitazama mikono ile inayopigwa mbele yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ngeni. Mkewe hakuwahi kumwona na uso ule. Akakiinua tena kipaza sauti.

"Tafadhalini, ketini. Huyu ni mume wangu, na haigizi."

Wakapiga makofi zaidi.

Nyumbani walikaa sebuleni bila kuwasha redio. Chai ilimiminwa, haikunyweka.

"Ulinisikia usingizini," alisema Baba Pacha.

"Miaka yote."

"Ungeniuliza."

"Ungeniambia?"

Akafikiri. "Hapana."

"Nisamehe, Baba Pacha. Nilidhani ni ndoto tu."

"Mimi mwenyewe nilitaka iwe ndoto," akasema. "Nilikuwa nimekaribia kuamini. Halafu nikaisoma."

Redio ilirusha yale maneno ya Baba Pacha wiki nzima, kati ya matangazo ya sabuni na magodoro. Oda zikamiminika. Mwenye duka akapiga simu kila siku, na Mama Sherifu akaacha kupokea. Ndipo alipoingia dukani kwake mama mmoja mtu mzima, mwembamba, mkoba mweusi kwapani. Hakuwa na cha kutoa nakala.

"Shikamoo, dada. Wewe ndiye mke wa dereva?" aliuliza. "Kijiti ni kaka yangu. Sisi tuliambiwa katoroka. Mama yetu kafa akimlaumu."

Mama Sherifu alifunga duka, akampeleka nyumbani. Baba Pacha alipomwona mlangoni alikaa chini palepale kwenye ngazi, maana sura ilikuwa ileile ya Kijiti. Mgeni hakumuuliza kuhusu mtu wa kamba. Aliuliza kaka yake alikuwa amevaa shati gani siku ile, na kama alikuwa amekula. Mwisho akasema, "Nipeleke nikapaone, shemeji. Nife nimepaona."

Jumapili walikodi teksi, wote watatu. Palikuwa mbali, na lami iliisha kabla hawajafika. Baba Pacha alipatambua kwa jiwe kubwa lililopasuka, akamwambia dereva asimame. Yeye hakushuka. Nyasi zilifika kiunoni, na upepo haukuwepo, lakini mahali fulani katikati ziliyumba kidogo.

Dada yake Kijiti akavua mkoba begani. "Nishikie, dada, niingie kidogo."

Mama Sherifu alijua ni mkoba tu. Ndani mlikuwa na leso na miwani. Hata hivyo mkono wake haukunyooka, na wote wawili waliuona haunyooki.

"Uweke kwenye gari," alisema. "Tutaingia pamoja."

Waliingia wameshikana viganja kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Yule mama aliita jina halisi la kaka yake, jina la nyumbani, si la Kijiti. Aliita, akasubiri, akaita tena. Ndege wa porini walikuwa wanalia. Alipofungua mdomo mara nyingine, wakanyamaza.

"Twende," alisema Mama Sherifu. "Twende sasa hivi."

Hawakukimbia, lakini hawakutembea. Dereva aliwasha gari kabla milango haijafungwa, bila kuambiwa na mtu. Baada ya kona ya kwanza palikuwa na mtu kando ya njia, ameinua mkono mmoja kuomba gari lisimame. Dereva akapunguza mwendo.

"Usisimame, mwanangu," alisema Baba Pacha kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Usisimame."

Dereva akakanyaga mafuta. Mama Sherifu aliangalia magoti yake mwenyewe mpaka walipoikuta lami, kwa hiyo hakuona ule mkono mwingine ulikuwa umebeba nini. Hakumuuliza mumewe kama yeye aliona.

Jumatatu alikwenda duka la vitabu mapema na kuanza kubandua tangazo ukutani kwa kucha. Mwenye duka alitoka ndani na kikombe chake mkononi.

"Mama, unafanya nini? Watu wameshaagiza."

"Kitabu hakitoki."

"Sasa mimi niwaambie nini?"

"Waambie naandika kingine. Cha majambazi wa kawaida."

"Hawataki cha kawaida, Mama Sherifu. Wanakitaka hicho. Tangu jana jioni kuna mmoja ameshakuja mara mbili kukiulizia."

Alisimama, kipande cha karatasi kikining'inia kuchani. "Nani? Kinyozi?"

"Simjui. Mtu msafi sana," alisema mwenye duka. "Kasema atapita tena."