Bafta ya Mavyaa

Kilichotoweka kwanza madukani ni viberiti. Ilikuwa miezi ya mwisho kabla ya uhuru, nami nilikuwa nimeolewa karibuni tu, nikikaa Likoni kwa mavyaa, mamake mume wangu. Asubuhi moja alinituma kwa Mshihiri, Mwarabu mwenye duka karibu na msikiti. Badala ya kunipa kiberiti kizima, aliniwekea njiti kiganjani.

“Chukua hizi kwa sasa, binti,” alisema. “Mzigo ukivuka, inshallah, utapata.”

Mzigo haukuvuka. Waliovuka ni watu tu, na kila aliyeshuka kwenye feri alikuja na neno jipya. Siku bendera itakapobadilishwa, pwani na bara watapigana. Feri itasimamishwa. Bandari itafungwa. Mume wangu, aliyekuwa akipakua mizigo melini, alisema kazini hakuna aliyewaambia lolote. Hata hivyo, jioni hiyo hiyo alirudi na debe la mafuta ya taa begani, akaliweka uani.

Mavyaa hakuhitaji kuhimizwa. Wakati wa vita vya Wazungu alikuwa na watoto wadogo, na aliwahi kusimama foleni ya mahindi ya manjano toka alfajiri akarudi na kikapu kitupu. Hilo hakulisahau. Akanunua mchele, chumvi, pamba ya vidonda na vidonge vya homa, vyote akavitia katika sanduku lake la mvule chini ya kitanda. Siku moja akaja na jora la bafta nyeupe.

“Mama, hii ya nini?” nilimuuliza.

“Sanda yangu. Watu wakifa kwa wingi nguo haipatikani. Sitaki kuzikwa na leso kuukuu.”

Alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuulizia bei ya samaki.

Chumba kimoja cha nyumba yetu, upande wa pili wa ukumbi, kilipangishwa mlinzi wa bandarini, mtu wa bara, Mkristo, pamoja na mkewe na binti yao aliyekuwa bado anatambaa. Yule mke na mavyaa walipatana vizuri. Mavyaa ndiye aliyemfundisha kukuna nazi na kukamua tui, na mtoto alizoea kutambaa mpaka kwenye mkeka wetu. Uvumi ulipozidi, mtaa ukabadilika. Watu wakasema hawa wa bara ndio watakaotuletea fujo. Mavyaa hakumtukana mpangaji wake, lakini salamu alimwitikia kwa mkato, na kila alipopima mchele alirudishia mlango kwanza.

Nakumbuka nikiwa dukani, kikapu changu kimeshajaa, yule jirani akaingia na mtoto mgongoni akauliza vidonge vya homa. Mshihiri hakumtazama.

“Vimekwisha.”

“Hata viwili, mzee wangu?”

“Nimekwambia vimekwisha.”

Akatoka. Huenda kweli vilikuwa vimekwisha. Sijui. Mimi nilijua tu kwamba sanduku letu lina vidonge, na kwamba sanduku si langu, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso ya mavyaa.

Nilipofika nyumbani nilimweleza nilichokiona. Mavyaa alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama.

“Mtoto anaumwa?”

“Nadhani, Mama. Sijauliza.”

“Na mbona hakuja kwangu?”

Hakungoja jibu. Alifungua sanduku, akachukua vidonge, akavuka ukumbi na mimi nyuma yake. Chumba kile hakikuwa na dirisha, na ingawa jua lilikuwa kali nje, ilibidi nirudi kuwasha kandili. Mtoto alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, macho hayafuati mwanga. Mamake alisema homa imempata toka juzi. Zahanati waliambiwa dawa zimemalizika, wampeleke hospitali ng'ambo ya pili, naye alikuwa akimngoja mumewe atoke zamu ili wavuke pamoja.

“Mwanangu, mimi niko hapa mlangoni pako,” mavyaa alisema. “Mbona hukuniambia?”

Yule mwanamke alimpangusa mtoto uso.

“Nilidhani hamtaki kutuona tena, Mama.”

Mavyaa alikaa chini. Alikiponda kidonge, akakikoroga kwa maji ya sukari, akamtilia mtoto kinywani kidogo kidogo kwa kidole. Kingi kilirudi. Mume wangu alipofika alikwenda mbio kutafuta gari la kuwafikisha ferini, na gari likapatikana. Mtoto alikata roho mapajani mwa mavyaa kabla ya kupakiwa.

Mlinzi alirudi akakuta watu wamejaa ukumbini, wengi wao wale wale waliokuwa wameacha kumsalimu. Akaulizia nguo nyeupe ya kumfungia mwanawe. Watu wakatumwa kwa Mshihiri, kisha duka la pili, kisha mpaka mtaa wa Bofu. Bafta ilikuwa imenunuliwa yote. Nilimtazama mavyaa. Tayari alikuwa chumbani kwake, nikasikia mkasi.

Shangazi ya mume wangu alimfuata akanong'ona, lakini sote tulisikia. “Sanda yako wewe, uikatie mtoto asiyekuwa wa dini yetu?”

“Ni nguo, dada. Na mtoto alikuwa akilala mkekani kwangu.”

Mavyaa alimfunga mtoto yeye mwenyewe, baada ya kumwomba mamake ruhusa. Wakristo wenzao walikuja kusali, na mume wangu akabeba maiti pamoja nao mpaka makaburi ya kanisa.

Siku ya uhuru ilifika. Mvua ilinyesha kidogo asubuhi. Ngoma zilipigwa, watoto wakapewa vibendera, feri ikavusha watu kutwa nzima, na hakuna aliyemnyanyulia mwenzake mkono. Baada ya muda mfupi viberiti vikajaa tena madukani. Mchele wetu uliingia fukusi tukawapa kuku.

Wale wapangaji walihamia Changamwe mwaka uliofuata. Hawakuondoka kwa ugomvi. Yule mlinzi alipata chumba karibu na kazi yake mpya. Asubuhi ya kuhama mavyaa alimsaidia yule mama kufunga vyombo, sufuria ndani ya sufuria. Walipomaliza, jirani yetu aliinama akampa mkono.

“Nitakuja kukutazama, Mama.”

“Kama moyo hautaki kuja, usije,” mavyaa alimjibu. “Lakini ukipungukiwa na kitu, chochote kile, uje.”

Alikuja mara mbili. Mara ya pili alikaa mpaka alasiri, wakanywa chai uani, wakaongea habari za Changamwe na bei ya muhogo.