Tarehe za Mvua ya Kiplombe

Ujumbe haukuwa wangu. Ulitumwa kwa mume wangu, ukaingia kwenye simu yake nilipokuwa nikiichaji kando ya kabati la vikombe, nami nikausoma nimesimama, kitambaa cha vyombo begani. Msimamizi wa jukwaa la wakulima la mtandaoni aliandika kwamba jukwaa lingepewa sura mpya, na kabla ya kuamua alitaka kuwasikia wanachama wa zamani zaidi. Waandike faida na hasara wanazoziona, kisha waje kwenye mkutano mjini. Mume wangu alikuwa amekufa miezi saba kabla.

Sikuhisi kitu. Nasema hili mapema kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mkono ulitetemeka au kikombe kilianguka. Vikombe nilivimaliza vyote, nikavifunika, nikaenda kutafuta daftari.

Jukwaa lenyewe ungeliona ungelicheka. Lilikuwa ukurasa wa kijani kibichi, maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe, kila kitu kimefuatana kwa tarehe na basi. Watu waliuliza humo habari za mahindi na viwele vilivyovimba, lakini kilichowarudisha kila siku ni orodha ya mvua. Mwenye kipimamvua chake, ule mrija wa plastiki wenye mistari unaofungwa juu ya nguzo mbali na miti, alikisoma saa tatu asubuhi, akajaza tarehe ya mvua, mahali na kiasi kwa milimita. Hakuna aliyetumia jina lake. Mtu aliitwa kwa mahali pake: Kapsoya, Kaptagat, na sisi Kiplombe. Mume wangu alikuwa Kiplombe kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuandika zaidi ya "Kiplombe 12" au "Kiplombe 7". Hakusalimia, hakuaga. Mvua isiponyesha alinyamaza, kama wote walivyonyamaza, kwa sababu sheria ya pale ilikuwa kwamba sifuri haiandikwi. Ukiandika sifuri, walisema, unamtoza mwenzako bando kwa hewa tupu.

Alikufa wakati wa kiangazi. Presha ilimwangusha karibu na zizi akiwa na ndoo mkononi, na jioni ile ile ndugu zake walikuwa wameshaanza kupanga mazishi. Yeye alikuwa mtu wa hapa hapa, na mimi nilitoka upande wa ziwa kuja kufundisha darasa la nne, nikaolewa, nikabaki mpaka nikastaafu. Watu walikuja kutoka pande zote mbili, wakalia kwa lugha mbili, na mimi nikawa natafuta viti. Dada yangu aliniambia nilie kidogo, watu wanatazama. Nilimwambia nitalia nikipata nafasi. Lakini kwenye jukwaa hakuna aliyejua lolote, maana kiangazi hakuna mvua na kila mtu kimya.

Mwezi wa tatu mvua ikaja na orodha ikaamka. Kapsoya 9. Kaptagat 21. Kisha mtu akauliza, "Kiplombe, kwako vipi?" Kesho yake mwingine akauliza vilevile. Nilikuwa nasoma kwenye simu yake, ambayo sikuwa nimeizima hata siku moja, na nikaona aibu, kama vile mgeni anabisha hodi na ndani ya nyumba watu wamenyamaza tu. Nilitoka hadi kwenye nguzo, nikachuchumaa kidogo macho yawe sawa na maji, nikarudi nikajaza tarehe ya siku hiyo na kuandika, "Kiplombe 12." Mtu aliyeandika kwa ufupi namna ile ni rahisi sana kumwiga.

Basi nikaendelea. Mwaka ule chai niliiacha jikoni ikachemka mpaka sufuria ikaungua, shambani nilipanda nimechelewa, kanisani nilikaa kiti cha mwisho nikatoka kabla ya salamu. Lakini saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye nguzo kila siku. Sikujiambia kwamba nadanganya. Nilijiambia Kiplombe imenyesha na Kiplombe imeandika, kuna ubaya gani.

Nikaanza ile karatasi ya faida na hasara, na nilianza kwa haki, kwa sababu nilizoea kusahihisha kazi za watoto na sipendi upendeleo. Sura mpya ingefunguka haraka hata kwenye simu za bei ya chini. Mtu angeweza kutuma picha ya jani lenye ugonjwa badala ya kulieleza kwa aya tatu ambazo hakuna anayezielewa. Ungeandika neno "viwavi" na majibu yote ya miaka yakaja mbele yako, badala ya kushuka chini na chini mpaka kidole kiumie. Hayo yote yalikuwa mazuri na niliyaandika.

Hasara nazo nilikuwa nazo za kweli. Mambo yasingefuatana tena kwa tarehe. Yale yaliyopendwa na wengi yangepanda juu, na mvua haipendwi na wengi, inasomwa tu. Orodha yetu ingewekwa pembeni, chini ya kitufe ambacho wazee wasingekiona. Na kulikuwa na vile vimioyo vyekundu vya kubonyeza, ambavyo sijui mkulima mzima na akili zake anavitakia nini.

Halafu nikafika sehemu ya mwisho ya ujumbe na kalamu ikasimama. Kila mwanachama angethibitisha akaunti upya. Tarakimu za siri zingetumwa kwenye laini yake, na hilo lisingenishinda, laini ilikuwa humo humo kwenye simu yake. Lakini baada ya hapo simu ingempiga picha. Angetakiwa ageuze uso kushoto, halafu kulia, halafu apepese macho, ili mtambo ujue kwamba ni mtu aliye hai. Akaunti ambayo haikuthibitishwa isingefutwa. Maandishi yake yangebaki kusomwa. Ila isingeandika tena.

Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Kisha nikaongeza hasara. Niliandika kwamba wengine simu zao hazina kamera nzuri, kwamba wazee hawaoni vizuri, kwamba mwanga wa jikoni ni hafifu, kwamba picha za watu zinaweza kuibwa. Zilifika kumi na nne. Mtoto wa darasa la nne angeniletea kazi ile ningemrudishia, kwa sababu ilionekana wazi kwamba anazunguka jambo moja. Niliituma kwa jina la Kiplombe.

Mkutano ulikuwa mchana, ghorofani kwenye hoteli ya chai karibu na soko. Tulikuwa wanane. Msimamizi alikuwa binti wa watu, mchangamfu, kompyuta yake imejaa vibandiko. Alituomba tujitambulishe kwa mahali petu tu, kama tulivyozoea.

"Mimi ni Kiplombe," nilisema zamu yangu ilipofika.

"Wewe ndio Kiplombe? Mimi miaka yote nilikuwa nadhani Kiplombe ni mzee!" binti akashangaa.

"Wengi hudhani hivyo," nikasema. Watu wakacheka, na mimi nikanywa maji. Mwanamume mmoja mwenye koti la mvua, ambaye alisema yeye ni Kaptagat, hakucheka. Alinitazama, kisha akainamia begi lake.

Kapsoya ndiye aliyezungumza kwa uchungu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwalimu na mkulima. Mwaka uliopita mtu alijiunga na jukwaa, akajiita kwa jina la kijiji, akauza mbegu za mahindi ambazo hazikuota.

"Mimi nilimwamini juu alikuwa kwa jukwaa yetu," alisema. "Nikapanda shamba yote. Ikakaa hivyo, udongo tupu. Sasa mtu akiniambia hii mambo ya kuonyesha uso ni mbaya, aniambie vizuri. Anaficha nini?"

Hakuwa ananitazama mimi. Lakini nilijua kwamba kati ya watu wanane mle ndani, mwenye akaunti ya uongo ni mimi, na nilikuwa nimeandika hasara kumi na nne kuilinda. Hilo nalo nililijua kwa mbali tu, namna unavyojua umejigonga mguu uliokufa ganzi.

Msimamizi akasema, "Tatizo ni hii paper ya Kiplombe. Ndio ndefu kushinda zote, na kuna watu watatu wameniambia hawajaamua, wanafuata vile Kiplombe atasema. Wanasema Kiplombe hajawahi kukosea mvua." Akanigeukia. "Kwa hivyo Mama, tukimaliza chai tutakusikiza."

Nilikwenda kukaa dirishani na kikombe changu. Kaptagat akaja na chake, akavuta kiti. Alikuwa mzee mwenye mikono mikubwa, na kwenye begi alitoa daftari la mistari lililokunjwa kona. Alilifungua magotini. Alikuwa akinakili kwa mkono mvua ya kila mahali, safu moja kwa kila jina. Safu ya Kiplombe ilikuwa imeandikwa kwa wino, lakini kuanzia mwezi wa tatu kila namba ilikuwa na mshale wa penseli unaoipandisha mstari mmoja juu.

"Pole sana, Mama," alisema.

"Pole ya nini, Mzee?"

"Mimi sijui ni nini ilitokea. Lakini najua si yeye anaandika." Akaweka kidole kwenye mshale wa kwanza. "Ile maji unapata asubuhi saa tatu ni ya jana. Hapa kwetu inanyesha jioni. Kwa hivyo tunaandika tarehe ya jana. Yeye alikuwa anajua hiyo. Wewe unaandika ya leo."

Nilitazama ile mishale. Ilijaza kurasa nyingi. Miezi mitano nilikuwa nimekwenda kwenye ile nguzo kila asubuhi nikiamini namfanyia kazi yake vilevile kama alivyoifanya, na kila asubuhi nilikuwa nimeikosea. Miaka ishirini na sita nilifundisha watoto kusoma kalenda.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningeuliza nini? Maji ilikuwa sawa. Nilijua wiki ya kwanza, nikasema, huyu mtu anajaribu. Nikakuwa narudisha tu na penseli." Akafunga daftari. "Ni bwana yako?"

"Ni bwana yangu. Aliaga wakati wa kiangazi."

"Aa," alisema. Akanisogezea sukari, tukamaliza chai, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo.

Tulipoitwa mezani nilisema kwamba karatasi yangu iwekwe kando. Nilisema faida ni zile nilizoandika, na hasara za kweli ni mbili: orodha ya mvua isisukumwe pembeni, na ifuatane kwa tarehe kama zamani. Mengine hayakuwa ya jukwaa, yalikuwa ya nyumbani kwangu. Kuhusu kuonyesha uso, nilisema Kapsoya ana haki. Binti aliandika haraka haraka na kuahidi mvua itakaa juu. Mikono ikainuliwa, na wangu pia.

Ukurasa wa kijani ungefungwa Ijumaa. Alhamisi saa tatu asubuhi nilikwenda kwenye nguzo na hakukuwa na maji, jua lilikuwa limewaka tangu juzi. Nilirudi, nikachukua simu yake, nikakaa kwenye ngazi ya nyuma. Ukurasa uliniuliza tarehe ya mvua kabla ya kuniruhusu kuandika chochote, kama kawaida yake. Nikajaza tarehe ya jana.

Nikaandika: "Kiplombe alifariki wakati wa kiangazi. Tangu mwezi wa tatu anayesoma ni mimi, mke wake. Sikujua habari ya tarehe. Mvua zote nilizoandika zirudishwe nyuma siku moja. Kuanzia kesho nitaandika kwa uso wangu mwenyewe."

Nilidhani watajibu kwa zile pole ndefu zenye mikono ya kusali, na nilikuwa nimeshakasirika kabla hazijafika. Nilikwenda kuwapa kuku maji. Niliporudi kulikuwa na jibu moja.

"Kaptagat 0."

Nikafikiri mzee amebonyeza vibaya, maana sifuri haiandikwi. Kisha likaja la Kapsoya. "Kapsoya 0." Kisha la msimamizi, ambaye nilijua hana hata kipimamvua. Yakaendelea kushuka, ya watu niliowasoma kwa miaka juu ya bega la mume wangu na wengine ambao sikuwahi kuwaona, mahali baada ya mahali, ukurasa mzima wa kijani, sifuri tupu. Hakuna aliyeongeza neno. Nilizisoma zote mpaka ya mwisho, nikiwa nimeishika simu yake kwa mikono miwili, na nikalia.