Tulasi ya Mama Kanti

Enzi zetu pale Keumbu, kikohozi kilitibiwa nyuma ya duka la Mama Kanti. Mliokulia huko mnalikumbuka duka lile: harufu ya mafuta taa na bizari, na uani madebe yaliyopandwa mimea ambayo hatukuiona katika shamba lolote la kwetu. Kulikuwa na manjano yenye majani mapana kama ya mgomba mchanga, na tulasi, ndugu yake mrehani, katika debe jekundu peke yake. Mwarobaini aliupanda mara nyingi, na kila mara baridi yetu iliuua.

Mama Kanti alikuwa Mhindi mnene, mkali, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu kuliko chetu cha darasani. Ukifika na kifua kinachokoroma alikuchemshia tulasi na tangawizi, akatia asali. Mvua ya mawe ilipoanza kugonga mabati, sisi watoto tulikimbia kuingiza madebe ndani, naye akatugawia sukari nguru. Mimi nilikimbia kuliko wote. Nilitaka anifundishe majani yale kuliko nilivyotaka viatu.

Siku moja alituita mimi na binamu yangu Kemunto. Alikuwa akitafuta mtoto mmoja wa kumsaidia kuchuma, amfundishe kila jani na kazi yake. Lakini kwao tulasi haichumwi ovyo. Unanawa mikono, unaunganisha viganja, unaiomba ruhusa, ndipo unachuma.

"Sema naye kwanza," akaniambia.

Wiki hiyo nilikuwa nimekariri amri kumi kanisani. "Mama, sisi hatuombi majani."

"Nani nasema omba Mungu? Omba ruhusa tu. Kama naingia nyumba ya mtu."

Nikakataa, kifua mbele. Kemunto, aliyezijua amri zote kunishinda, akanawa, akaunganisha viganja, akaiambia tulasi kwa Ekegusii, lugha yetu, "Mama, nipe kidogo, kwetu kuna mtoto anakohoa." Mama Kanti alicheka hadi mtandio ukamwanguka. Tangu siku hiyo, aliyeitwa uani ni Kemunto.

Nilirudi nyumbani nikitarajia sifa. Baba alinisikiliza, akasema, "Na ng'ombe ukitaka asogee, si unamwambia sogea? Huyo naye unamwabudu?"

Wivu ulinikaa rohoni kama mfupa kooni. Nilimwita Kemunto mchawi wa madebe. Naye alinijibu, "Endelea kukohoa, mtakatifu." Familia ya Mama Kanti ilipohama, debe jekundu aliachiwa yeye, nami nikaambiwa nimsaidie kulibeba. Nililibeba njia nzima.

Leo Kemunto ni bibi mzee wa Kiogoro, na uani kwake watu huja hata kutoka Nyamira. Anajua manjano ya kuweka kwenye kidonda na ya kutia kwenye maziwa. Anajua pia kumwambia mtu, "Ugonjwa huu si wangu, nenda hospitali leo." Vijana wetu wa mjini wananunua maziwa hayo hayo kwenye bilauri ndefu na kuyapiga picha mpaka yanapoa, wakidhani yamevumbuliwa juzi. Waonyeshe tulasi yenyewe, wataing'oa wakidhani ni magugu.

Isipokuwa Bosibori, mjukuu wangu. Kila likizo anashinda kwa Kemunto. Jioni anarudi viganja vikiwa na rangi ya manjano, anakaa karibu nami na kunieleza jani hili na lile. Juzi aliniuliza, "Babu, wewe ulikulia hapo hapo dukani. Mbona hujui?" Nikamwambia nilikuwa na shughuli nyingi.

Zamani nilimwonea wivu mtoto mmoja, nami nikiwa mtoto, na maisha yote yalikuwa mbele yangu ya kujifunza. Sasa namwonea wivu mjukuu wangu mwenyewe. Akianza kunieleza naitikia kwa kichwa, kama mtu anayekumbushwa, na namwomba arudie polepole.