Siku Niliyoichora Chemchemi Nikaiziba

Najua mnasubiri niwachekeshe, darasa zima linanijua kwa kazi hiyo, lakini hii ya leo nimeikwepa tangu mwaka jana kwa aibu, na hata sasa nikiikumbuka masikio yananiwaka moto (mliokuwepo nyamazeni, niacheni niseme mwenyewe).

Kijiji chetu kipo kando ya barabara ya Njombe kwenda Makambako, na bondeni tuna chemchemi moja tu isiyokauka kiangazi. Sasa mnajua desturi yetu, mvua zikikatika kila nyumba inashuka bondeni kulima vinyungu, zile bustani za kiangazi, na kila mwaka vinyungu vilikuwa vinaisogelea chemchemi, huyu anaongeza tuta moja, jirani naye mawili, mpaka miti iliyokuwa inaifunika ikabaki michache kama meno ya babu yangu. Bwana Shamba alikuja akahutubia. Akaja tena na karatasi ya serikali. Watu wakaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, naye akipanda tu baiskeli yake wanashuka na majembe.

Ndipo Mwalimu Yeremia akasema, "Maneno wameshiba. Tuwaonyeshe." Akaleta yadi tatu za kitambaa cha merikani na kuniita mimi, kwa sababu ndimi niliyemchora ubaoni akiwa na masikio ya sungura, na kumbe alijua siku zote. "Zakaria, mkono huo huo wa utundu leo utafanya kazi."

Nikachora bonde letu mara mbili. Upande mmoja miti imefunga, maji yanatoka, akina mama wamepanga foleni na mitungi. Upande wa pili visiki na ardhi iliyopasuka, na bibi mmoja amepiga magoti anachota vumbi kwa kibuyu. Rangi za dukani tungezitoa wapi? Tulitumia mkaa, udongo mwekundu na mweupe, na majani ya maboga yaliyotwangwa, vyote tukavikoroga na ute wa yai (mayai yalikuwa ya kuku wa mwalimu, msiniulize zaidi). Yule bibi wa vumbi nikampa sura ya Bibi Sela, mjane anayekaa juu kidogo ya chemchemi, ambaye huifagia majani kila alfajiri, na mguu wake mbovu hauwezi kumfikisha mtoni. Chemchemi ikifa, sisi wengine tutatembea. Yeye hafiki.

Asubuhi ya baraza la kijiji, ambako picha ingeonyeshwa, nikaona maji ya kwenye picha bado hayajapakwa, na weupe umekwisha. Udongo mweupe, ule ambao akina mama husiribia kuta, huchimbwa kule kilima kilikokatwa kupitisha barabara, mwendo wa saa nzima. Upo pia ukingoni mwa chemchemi, ila pale hapachimbwi, hata mtoto anayenyonya anajua. Nikajiambia, kisahani kimoja tu, nani atajua, tena ni kwa faida ya chemchemi yenyewe (ndivyo akili yangu inavyofanya kazi, Mungu anisamehe).

Akina mama walikuwa wameshachota kabla ya jua, hawarudi mpaka jioni. Nikamweka rafiki yangu Lukas mlangoni mwa njia alinde, nikaanza kuchokoa na kijembe. Juu udongo ulikuwa na changarawe, ndani ulikuwa laini kama siagi, basi nikafuata ule laini, nikaingia chini ya mizizi, ndani zaidi, ndani zaidi, mara nikasikia pwaa! Ukingo mzima ukakaa juu ya jicho la chemchemi. Maji yakawa kama mtindi, yakawa matope, halafu hayakuwa kitu.

"Zakaria, umefanya nini?" akauliza Lukas akija mbio.

"Hakuna kitu. Tutazoa baadaye."

"Baadaye lini?"

"Kabla ya jioni. Shika sahani, twende."

Nikapaka. Na niwaambie ukweli, maji yalitoka vizuri mno, yanang'aa mpaka mtu anapata kiu.

Barazani picha ilipotundikwa ukutani mwa shule, kelele zote zilikatika. Mzee Daudi, mwenye kinyungu kilichoisogelea chemchemi kuliko vyote, akasimama, akaikaribia.

"Huyu si Sela?"

"Ndiye," akajibu mtu.

"Mbona anachota vumbi?"

Mzee Daudi akavua kofia. "Matuta yangu manne ya juu nayaacha. Paote miti." Mwingine akasema naye anaacha matatu. Mama mmoja akapaza sauti kwamba moto wa majani usiwashwe tena upande ule. Bwana Shamba alitaka kudondosha penseli. Mimi kifua kilikuwa kimejaa kama cha jogoo, mpaka Mzee Daudi alipomaliza maneno yake: "Wala tusingoje kesho. Twendeni sasa hivi tukapige vigingi vya mpaka."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, jua kali."

Ilikuwa mwezi wa nane, watu wamejifunika mablanketi. Walicheka wote.

"Mwalimu, kule kuna nyoka."

Wakacheka zaidi. "Mtoto huyu!" akasema Bibi Sela akijifuta machozi. "Njoo unishike mkono. Mchoraji wangu atembee na mimi."

Basi nikashuka bondeni nimeshikwa mkono na Bibi Sela, mbele ya kijiji kizima, watu nyuma yetu wanaimba wimbo wa kanisani, na kila hatua naomba ardhi inimeze, nayo haina haraka.

Wimbo ulikatika kuanzia mbele kwenda nyuma. Pale palipokuwa na maji palikuwa na rundo la tope. Kisha macho yote yakamgeukia Mzee Daudi, maana kinyungu chake ndicho kilichokuwa jirani.

"Daudi! Kumbe maneno yote yale!"

"Sijagusa! Jamani, haki ya Mungu sijagusa!"

Nami nikanyamaza. Hapo ndipo penye aibu yangu hasa, si pale nilipochimba. Nilimwangalia mzee aliyetoka kuacha matuta manne akiapa kwa sauti inayotetemeka, na nikanyamaza. Bibi Sela akainama, akaokota kibonge cheupe, akakisugua kwa kidole. Halafu akauangalia mkono wangu aliokuwa ameushika, weupe umejaa kwenye kucha. Akauachia taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kisicho chake.

"Ni mimi," nikasema.

"Ulikuwa unatafuta nini?" akauliza Mwalimu.

"Rangi ya maji."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutamani watu wasinicheke. Mzee Daudi alivua koti, akaingia kwenye tope wa kwanza, akazoa kwa mikono mpaka giza, na maji hayakutoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Vigingi vilipigwa, na mpaka leo hakuna aliyevivuka. Picha Bwana Shamba aliipeleka Makambako, na nasikia huko wanasifu maji yake yanavyong'aa. Alitaka niende nikaeleze nilivyochora. Nikasema naumwa jino.

Majuma matatu nilimbebea Bibi Sela debe la maji kutoka mtoni kabla ya kengele ya shule. Kisha chemchemi ikafunguka, ila hatua saba chini ya pale pa zamani, kwenye mteremko, na kwa mguu ule anashuka kwa makalio. Siku ya kwanza alipofika chini alinitazama juu akasema, "Mjukuu wangu, Bwana Shauri mwenyewe, na wilaya yote mkononi mwake, hajawahi kuhamisha maji. Wewe umeweza."

Watu walicheka, naye alicheka. Mimi nilichukua jembe nikaanza kumkatia ngazi, na nimeapa kwamba popote mkono wangu utakapotaka njia ya karibu, nitauliza kwanza ni nani atakayeshuka kwa makalio.