Vitunguu vya Shangazi Salome na Sauti ya Enos

Shangazi yangu Salome Gingerich anaishi kwenye nyumba ndogo iliyounganishwa na yetu, na ukuta unaotutenganisha hauzuii harufu. Nyumba yake inanuka vitunguu mwaka mzima. Hakuolewa. Alifundisha kwenye shule yetu ya chumba kimoja mpaka magoti yakamkatalia, na tangu hapo watu wa bonde huja kwake na mafua, masikio yanayouma, na matumbo yaliyokula tufaha bichi.

Hatozi kitu, ila atakucheka. Ukija na kikohozi atakuuliza kwanza kofia uliiacha wapi. Nyuki akikuuma, anachuma lile jani pana linalokanyagwa na farasi kando ya njia, analitafuna mwenyewe, analibandika. Sijaona mtu mzima aliyethubutu kuyakataa mate yake. Mfupa uliovunjika au homa isiyoshuka hagusi. "Hiyo ni ya daktari," anasema, "kamwiteni dereva." Kisha anakaa kibarazani mpaka gari la kukodi lifike, maana sisi Waamishi imani yetu haituruhusu kumiliki magari.

Kwa kifua na koo ni vitunguu. Anavikaanga kwa mafuta ya bata bukini mpaka vilainike, anavifunga kwenye kitambaa cha flaneli, anakubandika kifuani. Vingine anavikatakata na kuvimwagia asali, anaviacha karibu na jiko mpaka vitoe maji. Hayo unakunywa kwa kijiko, na hulalamiki.

Vuli iliyopita Elmina, mjukuu wa marehemu dada yake, alikuwa aolewe siku ya Alhamisi. Jumatatu asubuhi aliingia kwa shangazi akilia.

"Bibi Salome, babu hana sauti!"

"Hana, au anaibania?"

"Hana kabisa! Alinyeshewa akivuna mahindi, na kutwa nzima alikuwa anawapigia kelele nyumbu wa mkokoteni. Sasa akifungua mdomo unatoka upepo tu."

Babu yake ni Enos Coblentz, kiongozi wetu wa kuimba. Sisi Waamishi hatuna kinanda katika ibada, na nyimbo zetu hazina noti zilizoandikwa. Mtu mmoja huanza kila mstari peke yake, polepole, na wote tunaingia pale alipotuweka. Enos alikuwa ameimba kwenye harusi za wajukuu wake wote, na Elmina ndiye wa mwisho.

"Bibi yangu hatakuwepo," alisema Elmina. "Basi nimsikie babu."

Shangazi aliinuka. Alichukua kapu la vitunguu, nami nikamfunga farasi kwenye kigari.

Tulimkuta Enos kwenye kiti chake karibu na jiko, amejikunja. Alifungua mdomo atusalimie.

"Fyata ulimi, shemeji," shangazi akamwambia. "Mpaka Alhamisi sitaki kusikia neno. Hata kunong'ona marufuku. Miaka yote umemsemesha dada yangu mpaka akachoka, sasa pumzika."

Enos alimwonyesha ngumi, akicheka bila sauti.

"Na hiyo ngumi iweke chini, nakufungua vifungo."

Alimbandika flaneli ya moto kifuani, akaifunga kwa shuka kuukuu, akamvisha shati juu yake. Nyumba ilijaa mvuke wa vitunguu hadi macho ya Enos yakaanza kutiririka. Shangazi akarudi jikoni kukata vingine, mimi nikabaki kuongeza kuni.

Ndipo akaingia Menno Nisley, jirani wa ng'ambo ya ua.

"Umeamkaje, Enos?"

Enos akatikisa kichwa.

"Baridi leo, eh?"

Enos akanyoosha kidole kwenye koo, kisha akamwelekeza kwenye kiti. Menno hakukaa. Aliyaona yale machozi, akageuka mwekundu masikioni.

Kwetu mtu kukunyamazia si jambo dogo. Na wakati huo tulikuwa tunakaribia Meza ya Bwana, ambayo haiandaliwi mpaka kila mmoja wetu aseme ana amani na mwenzake. Mtu mmoja akiwa na kinyongo, kanisa zima linangoja. Nilitaka kumweleza Menno, lakini mimi maneno huchelewa kunitoka, na yeye alikwisha kuanza.

"Basi umeshajua," alisema, kofia mkononi. "Najua umejua. Wewe si mtu wa kunyamaza bure. Ni ndama wangu, Enos. Si sungura. Waliruka ua wakala seleri yako, mstari mzima, ile ya harusi. Nikaziba ua, nikajiambia, Enos atadhani ni sungura. Na wewe ukadhani, maana ulinilalamikia sungura mimi mwenyewe, nami nikaitikia, 'Ndiyo, mwaka huu wamezidi.'"

Enos alikodoa macho. Hakuwa amejua lolote. Alikuwa ametega mitego wiki nzima, maana kwetu karamu ya harusi bila mboga ya seleri mezani si karamu.

"Usilie, Enos, nakuomba! Bustani ya mke wangu imejaa seleri. Chukua yote. Nitaileta leo, nitaiosha mwenyewe."

Shangazi alitokea mlangoni na kisu mkononi. "Menno, unaungama kwa nani? Huyo hana sauti. Hayo machozi ni ya kitunguu."

Menno akamtazama Enos, akatazama kisu, akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo hakujua?"

"Sasa amejua," alisema shangazi.

Enos alijipiga kofi gotini, mwili wote ukatikisika kwa kicheko, na mwishoni ikamtoka sauti, *khaa*, kama mlango wa zizi.

"Kimya!" shangazi alifoka. Lakini niliona ametabasamu. Enos alimshika Menno mkono kwa mikono yake miwili, na jioni seleri ikaja, imeoshwa.

Alhamisi tulikaa kwenye mabenchi, wanaume huku, wanawake kule. Elmina na bwana arusi walipandishwa chumba cha juu na wahubiri kupewa mawaidha, kama ilivyo desturi, na wimbo ukatajwa. Kila mtu alimtazama Enos. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa benchi.

Enos akaanza. Sauti ilitoka, ila ilitoka chini, chini kabisa, nzito kama gogo linaloburutwa. Ilikwaruza, ikayumba, ikashikilia. Nasi tukaingia pale alipotuweka. Wazee ambao kila Jumapili hukwama njiani kwa sababu Enos huanzia juu sana, siku hiyo walifika kila mahali. Walifumba macho wakaimba kwa nguvu zao zote. Hata mimi niliimba, na mke wangu aligeuka kutoka upande wa pili kuona ni nani. Elmina aliposhuka ngazi, alimtafuta babu yake kwa macho kabla ya kutazama mtu mwingine yeyote.

Wakati wa chakula wazee watatu walimfuata shangazi, bado wanatafuna kuku.

"Salome, kazi nzuri. Sasa mwache hapohapo."

"Mwache vipi?"

"Usimponye zaidi. Tafadhali."

"Ondokeni hapa," alisema shangazi, na usiku huohuo akampelekea Enos chupa nyingine ya asali.

Jumapili ya ibada iliyofuata Enos alianza wimbo juu, karibu na dari. Wazee watatu kwenye benchi la mbele yangu waligeuza shingo pamoja, wakamtazama shangazi. Naye aliangalia viatu vyake, mabega yakimtikisika.